KULA KWA STRESI: NJAA YA TUMBO NA NJAA YA MOYO, UNAJUA TOFAUTI?

Leo tuweke siasa na mpira pembeni kidogo. Kuna jambo naliona sana kwa vijana wenzangu tuliomaliza shule na kurudi mtaani, ila hakuna anayelitaja kwa jina lake. Nalo ni kula kwa sababu ya stresi. Yaani mtu mchana kashapiga wali maharage vizuri tu, jioni anapata habari mbaya, nusu saa baadaye yuko kwa muuza chipsi anaagiza chipsi mayai na soda. Ukimuuliza una njaa? Anakwambia "hapana, najisikia tu kula".

Huko ndiko kula kwa hisia. Unakula ili utulize kilichopo moyoni, sio kilichopo tumboni. Na hisia zenyewe sio huzuni peke yake. Kuna hasira, wasiwasi, upweke, kuboeka, hata furaha.

Mwaka 1986 watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Tatjana van Strien walitoa dodoso ambalo mpaka leo linatumika kupima ulaji. Linaangalia mambo matatu: kula kwa kusukumwa na hisia, kula kwa kuvutwa na chakula chenyewe (umekiona au umesikia harufu), na kujibana usile. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote matatu.

KWANINI KWETU HALIONEKANI?

Bongo ukinenepa unaambiwa maisha yamekukubali. Ukipungua unaulizwa unaumwa nini. Msibani ukikataa kula watu wanakubembeleza mpaka ushike tonge. Sisemi ni vibaya, chakula kwetu ni upendo na ni faraja tangu zamani. Shida inaanza pale chakula kinapokuwa faraja PEKEE uliyonayo.

Na kwa kijana aliyemaliza shule mazingira yanachangia kwa sana. Mtihani wa kidato cha nne unafanyika Novemba, matokeo yanatoka mwezi Januari, na wanaochaguliwa kidato cha tano wanaanza Julai. Hapo katikati ni miezi ya kukaa nyumbani, hela huna, ratiba huna, na kila mgeni akija anauliza "sasa unafanya nini siku hizi?" Jikoni ni hatua tano tu kutoka kwenye kochi...

NJAA ZIKO MBILI

Njaa ya tumbo inakuja polepole. Njaa ya moyo inakuvamia ghafla.

Njaa ya tumbo haichagui, hata kiporo cha ugali kinapita. Njaa ya moyo inataka kitu maalum: chipsi, keki, biskuti, soda ya baridi.

Njaa ya tumbo ukishiba imekwisha. Njaa ya moyo unamaliza sahani na bado unatafuta kingine.

Ukishamaliza kula kwa njaa ya tumbo unaendelea na shughuli zako. Ukimaliza kula kwa njaa ya moyo mara nyingi unabaki na aibu, na kilichokuumiza bado kipo pale pale.

Waliozoea kufunga wananielewa. Saa kumi alasiri unawaza sambusa za kila aina, lakini ikiingia magharibi tende na uji tu vinakutuliza.

MWILINI KUNATOKEA NINI?

Stresi ikidumu, mwili unatoa homoni inayoitwa kotisoli, na moja ya kazi zake ni kuongeza hamu ya kula, hasa vitu vya sukari na mafuta. Vitu hivyo vinakupa raha ya muda mfupi, ubongo unakariri, kesho ukikasirika unakukumbusha njia ile ile. Ila sio wote tuko hivyo, wengine wakiwa na mawazo chakula hakipiti kabisa.

Usingizi nao umo. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha utafiti wa vijana wa kiume 12. Walipolala masaa 4 tu kwa siku mbili, homoni inayoleta njaa (ghrelini) ilikuwa juu kwa asilimia 28, na inayoleta shibe (leptini) chini kwa asilimia 18, ukilinganisha na walipolala masaa 10. Sisi wa kukesha kwenye simu mpaka saa nane usiku tujitafakari!

Na ile soda ya kujipoza je? Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati unayokula kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo asilimia 5 kwa mtu mzima ni kama gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai. Soda moja ya kola ya mililita 330 ina gramu 35 hivi. Chupa moja tu umeshapita.

UFANYE NINI BADALA YAKE?

1. Usijishindishe njaa. Ukiruka chai na chakula cha mchana eti unapunguza mwili, jioni utakula kwa hasira. Kula milo yako kwa wakati.

2. Jiulize swali la kiporo: "Hapa ningepewa kiporo cha ugali ningekula?" Kama jibu ni hapana, hiyo sio njaa ya tumbo.

3. Jipe dakika 10. Toka nje, zunguka mtaa, kunywa maji. Hamu inapanda na kushuka kama wimbi. Ukirudi bado unataka, kula kidogo bila kujilaumu.

4. Andika. Daftari la shilingi mia chache linatosha. Kwa wiki moja andika saa, ulichokula, na ulikuwa unajisikiaje. Kuna mshikaji wangu alifanya hivi akagundua siku zake mbaya zote ni zile ambazo mjomba wake amepiga simu kumuuliza kazi. Kumbe alichohitaji ni kukaa na mjomba akamweleza ukweli kwamba anatafuta na hajapata. Wameongea, na sasa anasema simu ikiita haogopi tena.

5. Linganisha dawa na ugonjwa. Mpweke? Nenda barazani kwa watu au mpigie rafiki. Una hasira? Tembea haraka au fua nguo. Umeboeka? Shika kazi ya mikono. Umechoka? Lala. Mimi binafsi dawa yangu ni kutembea, na ni bure.

6. Kama lazima utafune, badilisha. Chungwa, tango, embe, mahindi ya kuchoma, muhogo wa kuchoma badala ya wa kukaanga, karanga kiganja kimoja. Weka kwenye sahani, kaa chini, acha simu.

WAKATI GANI UTAFUTE MSAADA?

Tangu 2013 madaktari wa akili wa Marekani wanatambua rasmi tatizo la kula kupita kiasi bila kuweza kujizuia. Dalili zake ni kula chakula kingi mno kwa mkupuo, haraka, mara nyingi kwa kujificha kwa aibu, na hali hiyo kutokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi 3. Na kama unajitapisha au kunywa dawa za kuharisha ili utoe ulichokula, usisubiri, maana unapoteza madini ambayo moyo unayahitaji ili udunde sawasawa.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, waombe wakuelekeze. Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili, na Dodoma kuna Mirembe. Najua tumezoea kutaniana "wewe wa Mirembe", lakini utani huo ndio unaomfanya mtu afiche tatizo miaka. Kwenda kuongea na mtaalamu sio ukichaa.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wewe ukiwa na mawazo unakimbilia nini, na nini kimekusaidia kuachana na sahani? Tiririka hapo chini, huenda kuna mwenzako anasoma na hajawahi kumwambia mtu yeyote.

Tupo pamoja.