Malolo na Historia ya Mhudumu wa Kijiji

Historia ya afya nchini mwetu mara nyingi huandikwa kutokea hospitalini: nani alijenga, nani alizindua, vitanda vingapi vimeongezwa. Leo naomba kuianzia kijijini, katika Kata ya Malolo, wilayani Kilosa. Mjamzito wa huko akianza kutokwa damu usiku, hospitali haiko jirani. Sharti afuate barabara kuu ya Iringa mpaka Mikumi, iliko Hospitali ya Mtakatifu Kizito, au aendelee hadi Kilosa mjini. Ndiyo maana mtu wa kwanza kuitambua dalili ya hatari si daktari, bali ni mwanakijiji mwenzake. Ninajiuliza: je, taifa limemtendeaje mwanakijiji huyo?

Tulipopata uhuru mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Kusubiri madaktari watoshe kungekuwa kuwahukumu akina mama. Mwaka huohuo, huko Ifakara katika Bonde la Kilombero, kilianzishwa kwa msaada wa Waswisi kituo cha kuwafunza watumishi wa afya wa vijijini. Baada ya Azimio la Arusha, sera yenyewe iligeukia vijiji. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma, kujadiliana na kuchimba vyoo. Hapo tulithibitisha kwamba mwanakijiji anafundishika.

Kosa letu lilikuja baadaye. Baada ya Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, wahudumu wa afya wa vijiji walifundishwa kwa wingi katika miaka ya 1980. Kijiji kiliwachagua, na kijiji hichohicho kilitarajiwa kuwalipa. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya dhiki, sukari na sabuni zikipatikana kwa foleni. Kijiji kisicho na fedha kingemlipa nani? Wengi waliyarudia majembe yao, na elimu waliyopewa ikapotea pamoja nao. Wakunga wa jadi nao walipewa mafunzo, kisha sera ikabadilika na kusisitiza kujifungulia kituoni.

Msomaji anaweza kusema kwamba dawa ya tatizo hilo ni mshahara. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Kuanzia mwaka 2011, Taasisi ya Afya Ifakara ilifundisha wahudumu walioitwa WAJA na kuwapeleka, wakilipwa, katika vijiji vya Kilombero, Ulanga na Rufiji. Walifanya kazi kwa bidii, lakini kwa ujumla vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano havikupungua kuliko katika vijiji visivyokuwa nao. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kuadimika kwa dawa. Mhudumu anayejua tiba na hana cha kumpa mtoto hubakia shahidi wa msiba.

Hatuna haki ya kukata tamaa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Na mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na mtaa. Nauunga mkono mpango huo. Hata hivyo, kama mwalimu, ninawiwa kuonya kwamba idadi ya waliofundishwa ndiyo takwimu rahisi kuliko zote kuisoma jukwaani.

Mhudumu wa Malolo anaweza kumshawishi mume asichelewe kuamua. Hawezi kuwa gari la wagonjwa, wala benki ya damu, wala chumba cha upasuaji. Kwa hiyo, diwani au mbunge atakapokuja kujivunia wahudumu wapya, tumpongeze, kisha tumwulize posho yao imo katika bajeti ya mwaka gani, na mama akianza kutokwa damu saa nane za usiku, gari litatoka wapi. Vizazi viwili vya wahudumu vimeshaondoka bila kujibiwa maswali hayo. Cha tatu kisiondoke hivyo.