Uaminifu wa Siri na Deni la Kanisa

Aghalabu historia za makanisa yetu huandikwa kwa majina ya maaskofu, kwa miaka ya kuzinduliwa majengo na kwa hesabu ya waliobatizwa. Na mtu azisomaye akiwa mkazi wa Free Area, upande wa mashariki wa Nakuru, kando ya barabara kuu iendayo Nairobi, huenda akadhani ya kuwa imani iliyokita mizizi mtaani kwake ni kazi ya wachache waliosimama mimbarini. Mimi naona kinyume chake: sehemu kubwa ya Ukristo wa Bonde la Ufa imehifadhiwa na watu ambao hawakukusudia matendo yao yaonekane, na fadhila yao imetuwekea sisi tunaonufaika nayo wajibu ambao bado hatujautimiza.

Ili tuuelewe uaminifu wa namna hiyo, tumtazame kwanza, huko pwani, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1846 kumfuata mmisionari mwenzake Ludwig Krapf, wakafanya makao yao Rabai mwaka huo huo. Wengi humjua kwa siku moja tu, tarehe 11 Mei 1848, alipouona mlima Kilimanjaro na theluji yake, habari ambayo wataalamu wa jiografia wa London waliipokea kwa dhihaka. Lakini siku ile si kipimo cha maisha yake. Krapf alipoondoka mwaka 1853, afya yake ikiwa imedhoofika, Rebmann alibaki. Akafiwa na mkewe Emma mwaka 1866. Waumini wake wakawa wachache mno. Naye asirejee Ulaya hata mara moja mpaka mwaka 1875, macho yake yakiwa karibu kupofuka kabisa, akafariki mwaka uliofuata. Katika miaka hiyo yote alikusanya maneno ya Kirabai, ya Kiswahili na ya Kinyanja, kazi isiyokuwa na shangwe wala sifa, na kamusi yake ya Kinyanja ilichapwa mwaka 1877, mwenyewe akiwa kaburini.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa kuwa Kinyanja kile Rebmann hakukitoa hewani. Alifundishwa na mtumwa mmoja aitwaye Salimini, ambaye tunalijua jina lake na machache mno zaidi ya hilo. Watu wawili walikaa pamoja juu ya kazi moja, wote wawili wamefichika. Ila mmoja alijificha kwa hiari, kwa kuwa alimtumainia Mungu aonaye sirini, na mwingine alifichwa na utumwa. Tukiwasifu wote wawili kwa sifa moja, tutakuwa tumeihalalisha dhuluma kwa lugha ya ibada.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha hoja yangu, na ushahidi wake uko Nakuru kwenyewe. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipokata shauri katika miaka ya 1970 kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo ndogo, mzigo wa shauri lile uliwaangukia makatekista na akina mama wanaokusanya jirani sebuleni, wanaomzuru mgonjwa, wanaochanga nauli ya kusafirisha maiti. Mwanzoni mwa mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipouwasha moto mji huu na waliofukuzwa makwao wakajaa katika uwanja wa maonyesho ya kilimo, waumini waliopeleka chakula na blanketi hawakuandikwa popote. Wala hawakudai kuandikwa.

Yupo atakayesema ya kuwa kuwatangaza ni kuwaharibia thawabu yao, maana Bwana mwenyewe alikataza sadaka itolewayo kwa riya. Nakubali nusu ya neno hilo. Amri ile aliambiwa mtoaji, hakuambiwa mpokeaji. Yeye anyamaze kwa ikhlasi, lakini aliyepokea akinyamaza, huyo amekosa shukrani. Thamani ya uaminifu haitokani na kutoonekana kwake. Una thamani kwa sababu ungalikuwa ule ule, uonekane usionekane. Ndiyo maana parokia inayomwacha katekista azeeke bila akiba, kwa udhuru kwamba malipo yake yako mbinguni, inaitumia Injili kukwepa deni lake la duniani. Na kanisa ambalo wanawake ndio wafagiao, wapikao na waombeao, kisha katika baraza la wazee sauti yao ni haba, halina haki ya kuwahubiria unyenyekevu.

Basi nawasihi wachungaji na mapadre wa Nakuru, na wanafunzi wetu wa teolojia pamoja nao, waanze sasa, maadamu wazee wangali hai: wawaendee nyumbani Free Area, Lanet na Bahati, wawaulize nani aliwafundisha katekisimu na nani alifungua nyumba yake kwa sala kabla ya kanisa kujengwa, wayaandike majina hayo, wakipewa idhini, katika daftari la parokia, na bajeti ya mwaka ujao iwe na fungu la kuwatunza waliotumika bila mshahara.