Mathe Ameambiwa Aingie Risachi ya Dawa ya Kansa ya Matiti? Soma Hii Kabla Asaini

Tata yangu anaishi Theta, ile upande ya ndani ukitoka Thika Road, penye boda ndio fare ya mwisho kabla ufike kejani. Mwaka jana alipatikana na kansa ya titi. Siku moja akanipigia simu nikuje nimsomee makaratasi. Alikuwa amepewa hosi flani, kurasa kumi na kitu, akaambiwa aende nazo nyumbani akafikirie. Juu ilikuwa imeandikwa ni ombi la kushiriki utafiti wa dawa. Akaniuliza swali moja tu: "Sasa hapa wananitibu ama wananijaribu?"

Mimi niliacha kolej mwaka wa pili, na hata hiyo kolej haikuwa ya udaktari. Sikuwa na jibu. Nikaenda kusoma na kuuliza wasee wenye wako kwa hiyo mambo, na hii ndio nilipata.

Jibu la swali la tata ni zote mbili, na ni poa kujua gani ni gani. Ukiwa kliniki ya kawaida, daktari anajiuliza nini itasaidia huyu mgonjwa ameketi hapa mbele yangu. Kwa risachi swali ni lingine: hii dawa mpya inashinda ile tunatumia saa hii? Unaweza saidika, na wengi hupata kuangaliwa kwa karibu kuliko kwa laini ya kawaida. Lakini hiyo dawa bado haijajulikana kama ni moto kuliko ya zamani. Kama ingekuwa inajulikana, hakungekuwa na haja ya kukuita.

Kwani watanipea tembe za unga?

Hii ndio uoga ya kwanza mtaani. Ati utaingia, wakupe plasebo, yaani kitu haina dawa ndani, na kansa ikukule wakiandika kwa kitabu. Kwa risachi za kutibu kansa haiendangi hivyo. Kawaida grupu moja inapata matibabu yenye hospitali ingewapa tu, na ingine inapata dawa mpya, ama matibabu ya kawaida plus dawa mpya. Plasebo ikiwa ndani, mara nyingi inaongezwa juu ya matibabu ya kweli, haichukui nafasi yake. Kompyuta ndio inachagua nani anaenda wapi. Daktari hawezi kukuchagulia, hata akikupenda aje, juu akianza kuchagulia watu basi hesabu yote imeharibika.

Na si lazima uamini mimi. Hiyo karatasi lazima iseme wazi kama kuna plasebo na itatumika aje. Tafuta hapo. Haisemi, uliza, na usisaini kabla ujibiwe.

Pia uliza ni hatua gani. Hatua ya kwanza ni watu wachache, na kitu inatafutwa sana ni usalama na kipimo. Ya pili wanaanza kuona kama dawa inafanya kazi. Ya tatu ndio kubwa, mamia ya watu ama hata maelfu, dawa mpya inapimana nguvu na ya zamani. Mtu wa hatua ya kwanza na mtu wa hatua ya tatu hawajabeba risk sawa.

Thika si wageni kwa hii kitu

Watu wa huku hupenda kusema risachi ni ya majuu. Zii. Thika imekuwa ikifanya risachi kubwa kitambo. Kulikuwa na Partners PrEP, ya dawa ya kuzuia HIV kwa wapenzi wenye mmoja ako na virusi na mwingine hana. Ilichukua zaidi ya kapo 4,700 Kenya na Uganda, na Thika ilikuwa moja ya vituo. Julai 2011 kamati huru ya kuangalia usalama iliona dawa inafanya kazi waziwazi, wakasema upande wa plasebo usimamishwe. Hiyo kamati ni muhimu kuijua, nitairudia.

Alafu kuna KEN SHE. Hii si ya matiti, ni ya chanjo ya HPV, virusi vyenye vinaleta kansa ya mlango wa kizazi. Kati ya 2018 na 2019 walichukua wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 kutoka Thika, Nairobi na Kisumu. Wengine walipewa chanjo ya HPV mara moja tu, wengine wakapewa chanjo ya meninjaitisi, na hao wa pili mpango ulikuwa wapate ya HPV baadaye. Miezi 18 ikiisha, dozi moja ilikuwa imekinga kwa zaidi ya asilimia 97. Mwaka huo matokeo yalichapishwa, 2022, WHO ikakubali kuwa nchi zinaweza tumia dozi moja badala ya mbili. Fikiria hiyo. Madem wa Thika walikaa kwa foleni ya kliniki, na leo kuna nchi mbali huko zinachanja watoto kwa bei ya chini juu yao.

Kwa matiti ndio bado tuko nyuma. Makadirio ya IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, yaliweka Kenya karibu visa vipya 6,800 vya kansa ya matiti kwa mwaka 2020, na vifo zaidi ya 3,100. Wengi hufika hosi ikiwa imeshaenda mbali. Lakini dawa zenye zinatumika, karibu zote zilipimwa kwa wanawake wa Marekani, Ulaya na Asia.

Ile stori ya Herceptin

Kama mathe ako na aina ya kansa inaitwa HER2, hii dawa utaisikia. Miaka ya tisini ilikuwa bado kwa risachi Marekani, na kupata wagonjwa ilikuwa ngumu. Wanawake walikuwa wanaogopa kuangukia upande wa plasebo. Wengine walikuwa wanataka dawa na hawapewi, mpaka watetezi wa wagonjwa wakaandamana hadi kwa kampuni ya Genentech, 1994. Kampuni ikakaa chini na hao wanawake. Plasebo ikatolewa kwa mpango, watetezi wakasaidia kueneza habari, na watu wakaanza kuingia. Jumla walikuwa 469. Septemba 1998 dawa ikakubaliwa kuuzwa.

Hiyo risachi ilionyesha wanawake wenye walipata Herceptin na kemo waliishi kwa wastani miezi 25, wenzao wa kemo pekee miezi 20. Pia ilionyesha noma yake. Ukichanganya Herceptin na kemo flani za kina doksorubisini, karibu mtu mmoja kwa wanne alipata shida ya moyo. Ndio maana mpaka leo mathe akianzishwa hiyo dawa anapigwa picha ya moyo kwanza. Hao 469 ndio walilipa hiyo somo.

Huku kwetu kwa miaka mingi shida ilikuwa bei. Ni 2025 ndio Wizara ya Afya na kampuni ya Roche walitangaza deal ya kushusha sindano moja kutoka Sh120,000 hadi Sh40,000, ikilipwa na SHA. Miaka 27 baada ya dawa kukubaliwa. Mimi sina la kuongeza hapo.

Kwa nini tata hakuchukuliwa

Tulisaini mwishowe, baada ya kuuliza maswali yote. Lakini kusaini si kuingia. Baada ya kusaini ndio wanaanza kukuchuja, na wengi huanguka hapo.

Kwanza wanaangalia aina ya kansa. Kipande cha nyama chenye kilitolewa kwa biopsi kinapimwa kama kansa inakula homoni, kama ni HER2, ama kama haina yoyote, ile wanaita tripo negative. Hii ya mwisho ndio ngumu kutibu, na inapatikana sana kwa wanawake wenye asili ya Afrika. Risachi ya HER2 haiwezi chukua mtu wa tripo negative, haijalishi ameomba aje. Alafu wanaangalia imefika wapi, umeshatumia dawa gani, moyo, figo, ini, mimba. Kama bado unazaa, watataka utumie mpango wa uzazi, na hiyo ni story ya kuongea na bwana kabla, si baada. Zamani mtu wa HIV alikuwa anafungiwa nje moja kwa moja. Siku hizi wataalamu wanasukuma hiyo itolewe kama virusi vimedhibitiwa.

Tata alianguka kwa damu. Seli zake nyeupe zilikuwa chini ya laini yenye imeandikwa kwa mpango. Alirudi nyumbani akidhani sasa ako na ugonjwa mwingine. Na hapa ndio nilijifunza kitu kilinikasirisha. Watu wengi weusi tuko na damu ya aina inaitwa Duffy-null, ile inatukinga na aina moja ya malaria. Wenye hiyo damu huwa na seli flani nyeupe kidogo kuliko wazungu, na ni wazima kabisa, haiwaletei maambukizi zaidi. Lakini hizo laini za risachi ziliwekwa kwa kupima watu wengine. So unaweza fungiwa nje juu ya damu yenye babu yako alikuwa nayo na akaishi miaka tisini. Kuna madaktari sasa wanataka hizo laini zibadilishwe. Kama mathe amekataliwa juu ya nyutrofili, uliza kama wanaweza pima tena, na kama mpango una laini tofauti kwa watu wa Duffy-null. Kuuliza si kukosa heshima.

Sisi hatukujua kuuliza. Tata ako kwa kemo ya kawaida, anaendelea, na hakuna mtu alimnyima kitu juu ya kutoingia. Hiyo pia ni haki yake, na iko kwa hizo karatasi.

Ya kweli na ya wakora

Kwa grupu za WhatsApp za Ruiru na Juja hupita mesej za "dawa mpya ya kansa, nafasi 50 zimebaki, tuma registresheni". Ukiitishwa hata bob moja ya kuingia, toka. Risachi ya dawa mpya haikuuzii nafasi. Dawa yenye inapimwa huwa ya bure, na vipimo vya risachi pia, na kawaida unarudishiwa fare. Lakini uliza mapema vipimo gani ni vya risachi na gani ni vya matibabu ya kawaida yenye SHA ama wewe mtalipa. Hapo ndio watu hushtukia bill.

Risachi ya dawa Kenya lazima ipitie kamati ya maadili, mfano ile ya KEMRI inaitwa SERU ama ile ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi. Lazima ikubaliwe na Bodi ya Famasia na Sumu, na iwe na leseni ya NACOSTI. Namba ya kamati ya maadili huwa kwa fomu, kawaida karibu na mwisho. Piga hiyo namba. Uliza kama wanajua hiyo risachi. Ni simu ya dakika mbili, na mkora hawezi kuishinda.

Fomu isomwe kwa lugha yenye mathe anaelewa. Kama Kiswahili cha kwenye karatasi kinamsumbua, aelezewe kwa Kikuyu mpaka ashike. Kama hawezi kusoma, lazima kuwe na shahidi, mtu wake, si wa hosi. Aende nayo nyumbani alale nayo. Mtu akimharakisha asaini kwa benchi, hiyo si rada poa. Na anaweza toka wakati wowote, hata wiki ya tatu, bila kueleza mtu sababu, na bado atibiwe hapo.

Ile kamati ya usalama nilisema nitairudia: uliza kama iko. Hao si wafanyakazi wa kampuni. Wanaona hesabu risachi ikiendelea, na wako na nguvu ya kusema isimame, dawa ikiwa mbaya ama ikiwa poa sana hadi ni dhambi kunyima wengine. Uliza pia kama kuna bima ya kulipia ukiumizwa na dawa, na dawa ikifanya kazi kama utaendelea kuipata risachi ikiisha. Hili swali la mwisho watu husahau sana, na ndilo linauma baadaye.

Kwa mtu wa Theta anayetaka kutafuta mwenyewe, anza na daktari wa kansa mwenye anakutibu, iwe ni Thika Level 5 ama ile hospitali ya rufaa ya Kenyatta University hapo Northern Bypass. Muulize direct kama kuna risachi inachukua watu wa aina yako ya kansa, hapo ama Nairobi. Bebeni ripoti ya biopsi yenye imeandikwa homoni na HER2, juu bila hiyo hakuna mtu anaweza kukujibu. Kama ripoti haina hizo mbili, hiyo ndio kazi ya kwanza, risachi ama hakuna risachi.