Yowe na Wajibu wa Mwenye Kulisikia

Wahenga walisema: Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Methali hii hutumiwa sana katika hotuba na maandishi, walakini ni wachache wanaoyatazama maneno yake moja moja. Mbiu ni pembe ya mnyama, aghalabu ya nyati, iliyopigwa ili watu wakusanyike. Na mgambo asili yake ni lile tangazo lenyewe lililotanguliwa na sauti ya pembe. Leo, katika Tanzania, mtu akitaja mgambo, msikilizaji hafikiri juu ya tangazo. Hufikiri juu ya watu waliofunzwa ulinzi, ambao huitwa inapotokea hatari. Neno lililokuwa la sauti limekuwa neno la watu wanaoiitikia sauti. Badiliko hilo si la bahati tu. Lina historia nyuma yake, nayo ndiyo nitakayoieleza kwa ufupi katika makala haya.

Swali lenyewe ni hili: mtu anaposhambuliwa ghafula akapiga kelele, wale waliomsikia hufanya nini, na kwa sababu gani? Jibu ambalo hutolewa upesi ni kwamba watu wa kale walikuwa na huruma na watu wa leo wana mioyo migumu. Sidhani kuwa jibu hilo latosha. Nitajaribu kuonyesha ya kuwa mwenendo wa mtu aliye karibu na fujo hautegemei sana ulaini au ugumu wa moyo wake. Wategemea zaidi kama jamii yake imeweka wazi maana ya yowe, yaani nani ana haki ya kulipiga, nani ana wajibu wa kuliitikia, na akisha kufika afanye jambo gani.

Tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili kina maneno mengi ya sauti itolewayo katika shida. Yowe ni sauti kubwa ya kuomba msaada; ukunga nao ni mwito wa msaada, lakini wa sauti ya juu; unyende ni sauti nyembamba ya mtu aliyeshikwa na hofu; ukemi ni mwito wa mbali; kamsa ni sauti ya kuarifu hatari. Katika Kenya husikika pia watu wakisema kupiga nduru. Wingi huu wa maneno waonyesha ya kuwa wasemaji hawakuihesabu sauti ya shida kuwa kelele tupu. Waliipambanua kwa urefu wake, kwa wembamba wake, na kwa kusudi lake, kama vile mabaharia wanavyozipambanua pepo.

Maneno ya kujilinda nayo yafaa yatazamwe. Tunasema kujikinga, kujihami na kujitetea. La kwanza latokana na kinga, kitu kinachozuia. La pili lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni kulinda. Na la tatu latokana na kitenzi kuteta, yaani kugombana kwa maneno. Kutetea ni kuteta kwa ajili ya mtu, na kujitetea ni kuteta kwa ajili ya nafsi yako. Basi katika neno hilo la tatu, silaha ya kwanza ya mtu aliyevamiwa ni kinywa chake. Na huyo ajaye kumsaidia, lugha yampa kazi gani? Yampa kazi ya kuamua. Mtu anayewakuta wawili wanapigana huambiwa, "Waamue!" na kitenzi hicho ndicho kile kile kitumiwacho kwa kutoa hukumu. Kuwatenganisha ni kuamua. Kusikiliza kesi ni kuamua. Katika mawazo ya lugha, mpita njia aingiaye kati ya wagomvi ni hakimu wa kitambo kidogo, naye hana budi kuwatenga kwanza ndipo ajue nani mwenye haki.

Hayo ni maneno. Sasa tutazame jinsi jamii zilivyoufanya wajibu huo kuwa sheria. Nitaanza na Uingereza, si kwa sababu yowe lilizaliwa huko, bali kwa kuwa sheria yake iliandikwa mapema, na misingi ya sheria hiyo ndiyo iliyoingizwa baadaye katika sheria za jinai za Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1285, katika mji wa Winchester, Mfalme Edward wa Kwanza alitoa sheria juu ya amani ya nchi. Kabla ya hapo ilikuwa desturi ya zamani kwamba aliyeibiwa au kupigwa apige yowe, na kila asikiaye aache kazi yake amfuate mhalifu kutoka kijiji hata kijiji. Katika Kilatini cha madaftari ya mahakama jambo hili liliitwa "hutesium et clamor." Sheria ya 1285 iliithibitisha desturi hii na kuipa nguvu. Kila mwanamume wa miaka 15 hata 60 alitakiwa awe na silaha nyumbani kwa kadiri ya mali yake. Milango ya miji yenye kuta ifungwe tangu kuchwa jua hata kucha. Vichaka kando ya njia kuu vifyekwe futi 200 kila upande ili wanyang'anyi wasipate maficho. Na ikiwa unyang'anyi umetendeka na wahalifu hawakupatikana, watu wa tarafa ile walipe hasara.

Yako mambo mawili katika desturi hiyo ambayo yafaa tuyashike. La kwanza, kutokuitikia yowe kulikuwa kosa, na kijiji kilichokaa kimya kilitozwa faini. La pili, kupiga yowe bila sababu kulikuwa kosa vile vile, naye aliyelipiga kwa uongo alitozwa. Yowe lilikuwa deni kwa msikilizaji, lakini pia lilikuwa dhamana kwa mpigaji. Sehemu kubwa ya sheria ile ilifutwa mwaka 1827, na miaka miwili baadaye London ikapata jeshi la polisi lenye mishahara. Kazi iliyokuwa ya kila mtu ikawa kazi ya watu maalumu.

Sasa turudi nyumbani, katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi. Huko yowe la hatari huitwa mwano. Ng'ombe wakiibwa au mtu akivamiwa, mwano hupigwa, jirani huupokea na kuupeleka kwa jirani wa pili, na wanaume hutoka na silaha zao kuzifuata nyayo. Desturi hiyo ilikuwapo zamani. Lakini ilipata uhai mpya katika miaka ya 1981 na 1982, wakati wizi wa ng'ombe na unyang'anyi wa silaha ulipozidi na askari wa serikali walikuwa wachache na mbali. Hapo ndipo vilipoanza vikundi vya Sungusungu, vyenye pinde na mishale na viongozi waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe. Fimbo ya mbali haiui nyoka, nao walitaka fimbo ya karibu. Asiyeitikia mwano alitozwa faini, au alitengwa na wenzake: haazimwi kitu, wala hashirikishwi katika shughuli.

Ni wazi ya kuwa watu wa Winchester na watu wa Shinyanga hawakuigana. Shida moja iliwafundisha dawa moja: kwamba huruma peke yake haimtoi mtu kitandani usiku wa manane, bali humtoa pale anapojua ya kuwa jirani zake wote wanatoka, na ya kuwa asipotoka ataulizwa. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliviunga mkono vikundi hivyo, na mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa ili kuvitambua. Ndivyo Sungusungu na mgambo walivyokutana katika kitabu kimoja cha sheria. Hata hivyo, historia haina haki ya kuficha upande wa pili. Wako watu waliopigwa na kuuawa katika shughuli hizo, na wako wanawake wazee walioshitakiwa uchawi. Yowe liliitikiwa vema, lakini kazi ya kuamua haikufanywa vema kila mara.

Mfano wa tatu watoka Marekani, na umetajwa sana duniani kuliko hiyo miwili. Usiku wa kuamkia alfajiri ya tarehe 13 Machi 1964, katika mtaa wa Kew Gardens mjini New York, msichana wa miaka 28, Kitty Genovese, alichomwa kisu alipokuwa akirudi nyumbani kutoka kazini. Majuma mawili baadaye gazeti la New York Times liliandika ya kuwa raia 38 walitazama madirishani kwa zaidi ya nusu saa bila ya kufanya lolote. Habari hiyo ilifanywa mithali ya ukatili wa mijini, ikaingia katika vitabu vya wanafunzi.

Uchunguzi wa baadaye umeonyesha ya kuwa habari ile ilikosa mambo makubwa. Walioona shambulio kwa macho walikuwa wachache sana; wengi walisikia sauti tu, na wengine walidhani ni ugomvi wa walevi au wa wapenzi. Mtu mmoja alipiga kelele dirishani, na mshambuliaji akakimbia. Kisha akarudi, na shambulio la pili likatendeka ndani ya mlango wa jengo, mahali ambapo watu wengi hawakuweza kuona. Mwanamke mmoja jirani alishuka ngazi, asijue kama muuaji bado yupo, akampakata mwenzake aliyekuwa akifa. Mwaka 2016 gazeti lile lile lilikiri ya kuwa taarifa yake ya 1964 ilikuwa na kasoro. Tukumbuke pia ya kuwa namba moja ya simu ya dharura, 911, ilianza kutumika New York mwaka 1968. Mwaka ule wa 1964, aliyesikia yowe hakuwa na desturi ya kufuata, wala hakuwa na njia nyepesi ya kulipeleka mbele.

Kutokana na mkasa huo wataalamu wawili wa saikolojia, John Darley na Bibb Latané, walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 1968. Wanafunzi waliwekwa katika vyumba mbali mbali, wakazungumza kwa chombo cha sauti, na mmoja akasikika kama ameshikwa na kifafa. Miongoni mwa wale waliodhani ni wao peke yao wanaosikia, 85 katika kila 100 walikwenda kutoa habari kabla ya sauti ile kunyamaza. Waliodhani yupo msikilizaji mwingine mmoja, 62. Na waliodhani wako wengine wanne, 31 tu. Kila mmoja alimwachia mwenzake. Lakini hao walikuwa hawaonani. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2020 na Richard Philpot na wenzake, ulitazama picha za kamera za barabarani za ugomvi 219 katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town. Katika matukio tisa kwa kila kumi, angalau mtu mmoja aliingia kati. Na kadiri watu walivyozidi kuwa wengi, ndivyo ilivyozidi kuwa yamkini kwamba yupo atakayesaidia.

Matokeo haya mawili hayapingani kama yanavyoonekana. Binadamu anayemwona mwenziwe hadharani, aghalabu huingia kati. Lakini yule aliye gizani, asiyejua wenzake watafanya nini, hungoja. Sheria za kale ziliufunga mwanya huo: zilimwambia kila mmoja kabla ya hatari kwamba wajibu ni wake.

Nani basi asemaye ya kuwa katika miji yetu watu hawaitikii? Mwenye kukaa mjini ajua ya kuwa neno moja likipigwa sokoni au kituo cha basi, mamia hutokea kwa dakika chache. Neno hilo ni "Mwizi!" Nalo si yowe kwa maana niliyoieleza. Yowe halimtaji mtu. Lasema tu ya kuwa kuna shida, njoni muamue. "Mwizi!" ni jina la mkosaji, na ndani yake mna hukumu iliyokwisha kutolewa. Anayefika haulizi, kwa kuwa jibu limemtangulia. Taarifa za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu cha Tanzania katika miaka ya 2010 zilihesabu mamia ya watu kila mwaka waliouawa na makundi ya namna hiyo. Miongoni mwa waliopigwa namna hii wamekuwapo wasio na hatia yoyote, na hata mwenye hatia hakupata wa kumtetea.

Sheria zetu hazimnyimi mtu haki ya kujihami. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 18A, yampa kila mtu haki ya kujilinda na kumlinda mwingine dhidi ya shambulio lisilo halali. Na kifungu kinachofuata chaiwekea haki hiyo mpaka, kwamba nguvu itumiwayo iwe ya kadiri na ya lazima kwa ulinzi huo. Katika Kenya, kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu chaielekeza mahakama kwenye misingi ya sheria ya kimila ya Uingereza. Mtu aliyekwisha kushikwa, akaangushwa chini, akazungukwa na umati, hashambulii tena. Kumpiga si ulinzi.

Kwa hiyo upungufu wetu si wa huruma wala wa ushujaa, kwa maana watu hufika, nao hufika upesi. Kilichopotea ni ile dhamana ya pande zote. Katika Winchester aliyepiga yowe la uongo aliulizwa, leo apigaye "Mwizi!" hutoweka katika umati. Katika kijiji cha Usukuma walioitikia mwano walijulikana kwa majina. Leo mkono uliotupa jiwe hauna jina. Sauti imebaki na miguu imebaki; aliyetoweka ni mwamuzi. Lugha yetu ingali yamhifadhi katika kitenzi kimoja, na kila siku mitaani hupatikana mzee au mama mtu mzima aingiaye kati ya umati na kijana aliyelala chini, akanyoosha mikono yake na kusema, "Mwacheni, tumsikilize kwanza." Huyo ndiye aliyelielewa yowe.