Ubunifu na Nadharia katika Utafiti wa Saikolojia: Kumbukumbu na Fanani Aliyesahauliwa

Aghalabu hudhaniwa kwamba ubunifu ni mali ya msanii na nadharia ni mali ya mwanasayansi. Historia ya utafiti wa kumbukumbu inautilia shaka mgawanyo huo. Makala haya yanadai kwamba katika utafiti huo ubunifu ndio ulioelekeza swali la kuulizwa, ilhali nadharia ndiyo iliyoamua ni jibu gani lingeonekana. Pale nadharia ilipokosa kuona, mhakiki wa fasihi simulizi ana la kuchangia.

Mnamo 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha utafiti wake kuhusu kumbukumbu. Alibuni silabi zipatazo 2,300 zisizo na maana, akazikariri mwenyewe na kupima kiasi alichosahau kadiri muda ulivyopita. Ubunifu huo uliipa saikolojia vipimo. Hata hivyo, ulijengwa juu ya dhana kwamba maana ni kikwazo kwa mpimaji, na hivyo sharti iondolewe.

Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliipinga dhana hiyo katika kitabu chake *Remembering* (1932). Badala ya silabi, aliwapa watafitiwa hadithi ya vita vya mizuka, iliyotoka kwa Wakathlamet, wenyeji asilia wa eneo la mto Columbia, Marekani. Waliisoma mara mbili, wakaiandika upya baada ya dakika 15, na tena baada ya siku, miezi, hata miaka. Hadithi ilifupika, mitumbwi ikawa mashua, mizuka, ambayo ndiyo kiini chake, ikafifia au kutoweka. Akiazima istilahi ya skima kutoka kwa daktari wa neva Henry Head, Bartlett alihitimisha kwamba kukumbuka ni kuunda upya.

Hitimisho hili halikukosa wapinzani. Mnamo 1967, Gauld na Stephenson walionyesha kwamba watafitiwa wanaposisitiziwa usahihi, makosa ya aina hiyo hupungua. Lakini lipo pingamizi jingine, la kifasihi. Matini aliyoitumia Bartlett haikuwa asili. Ilisimuliwa na Charles Cultee, ikanakiliwa na kutafsiriwa na Franz Boas, aliyeichapisha mnamo 1901, kisha Bartlett akairekebisha. Kigezo cha kupimia upotoshaji kilikuwa chenyewe zao la usimulizi na tafsiri.

Cultee alikuwa fanani, lakini nadharia ya Bartlett haimpi nafasi. Skima inaeleza vyema yaliyompata msomaji wa Cambridge asiyeujua utamaduni wa hadithi ile. Haitoshi kueleza anachofanya fanani anayeujua utamaduni wake anapobadilisha tukio kwa kuizingatia hadhira iliyo mbele yake. Mabadiliko ya msomaji ni jitihada ya kuelewa; ya fanani ni uamuzi wa kisanaa.

Tofauti hii inatuhusu. Mtafiti anayekusanya matoleo kadhaa ya ngano moja, kisha akayapanga kwa kadiri yanavyokaribia "asili", huwa ameingiza maabara ya Cambridge uwanjani bila kujua. Humgeuza fanani kuwa mtahiniwa aliyesahau. Bartlett alithubutu kuirejesha maana katika utafiti wa kumbukumbu. Jukumu lililobakia ni kubuni utafiti utakaomrejesha msimulizi pia, na nadharia ya utafiti huo haiwezi kutungwa na wanasaikolojia peke yao.