Kuta za Bayeye: Matembezi Mbele ya Picha Zisizokuwapo

Sisi watu wa pwani tumezoea kuzisoma kuta. Mwenye kuingia katika magofu ya Gedi, au ya Kilwa na Songo Mnara, akaitazama kwa utulivu chokaa iliyosalia, huenda akaviona vyombo vilivyochorwa kwa ncha ya kitu kikali: mlingoti, tanga na kamba zake. Hapana jina la mchoraji. Huenda alikuwa baharia akimsimulia mwanawe safari. Huenda alikuwa mtu akimngoja wake asiyerudi. Chombo tunakiona, khabari yake hatuisikii.

Jambo hilo, la picha iliyobaki na neno lililopotea, ndilo ninalotaka msomaji tutembee nalo leo. Tutakwenda mbali na bahari, hata nchi ya Wasukuma kusini mwa Ziwa Victoria, inayotandaa Shinyanga, Mwanza na kuingia Geita. Lakini yafaa tupitie Mexico kwanza, kwani huko kuta zilipewa kazi ya ualimu hadharani, na kwa jina la serikali.

Mapinduzi ya Mexico yalianza 1910 na mapigano yakadumu karibu muongo mzima. Nchi ilipoanza kutulia, wananchi wengi hawakujua kusoma. José Vasconcelos, aliyekuwa waziri wa elimu kuanzia 1921 hadi 1924, akawakabidhi wachoraji kuta za majengo ya umma ili wananchi wajifunze historia yao kwa macho. Miongoni mwao walikuwamo José Clemente Orozco, David Alfaro Siqueiros na Diego Rivera. Rivera alianza 1923 kuchora katika jengo la wizara yenyewe ya elimu, akaendelea hadi 1928. Kazi yenyewe watu wa pwani wataielewa upesi, maana ni kazi ya chokaa: rangi hupakwa lipu ingali mbichi, na ikikauka, rangi na ukuta huwa kitu kimoja.

Wageni hutembezwa katika nyua za jengo hilo, picha baada ya picha, na mwongozaji akieleza. Mbili kati ya hizo zinawahusu wachimbaji wa migodi. Katika ya kwanza wanaingia shimoni, magogo mabegani. Katika ya pili wanatoka, na mmoja amesimama mikono kaitandaza mfano wa msulubiwa, huku akipekuliwa asije akaondoka na chembe ya mali. Mtu wa Geita au wa Mwadui akisimama mbele ya picha ile hatahitaji mkalimani.

Na wapenzi wa ushairi wasikie hili. Rivera aliandika ukutani, pamoja na picha hiyo ya wachimbaji, beti za mshairi Carlos Gutiérrez Cruz zenye kumhimiza mchimbaji aitambue nguvu yake. Magazeti yakapiga kelele, na beti zikafutwa. Yasimuliwa kwamba Rivera alizinakili katika karatasi, akaifukia ndani ya ukuta ule ule. Kwa hiyo mgeni wa leo huiona picha, bali shairi hataligundua ila awe na mwongozaji mwenye khabari zake. Hata ukuta ulio wazi kuliko zote, basi, una neno lililofichwa nyuma ya lipu.

Sasa twende Usukuma. Huko nako kulikuwa na kuta zilizofundisha, ila zilitazama ndani. Wasukuma walikuwa na vyama vingi vya ngoma na uganga, na mashuhuri kwetu sisi wa mbali ni Bagalu na Bagika, vilivyotokana na waganga wawili wa karne ya 19, Gumha na Ngika, na ambavyo hushindana kwa ngoma na nyimbo. Aliyeyaona malumbano ya washairi wetu, au aliyesikia wazee wakisimulia Marini na Arinoti, ataijua ladha ya mashindano hayo. Kando yao walikuwapo Bayeye, chama cha watu wa nyoka.

Kazi ya Bayeye haikuwa kuchezea nyoka tu, ingawa ngoma yao na chatu ndiyo inayowavutia watazamaji. Katika nchi ya wakulima na wachungaji, ambako mtu hushinda miguu mitupu kondeni na porini, swila na kifutu ni jambo la kufa na kupona. Bayeye walijua kumkamata nyoka, kumtambua, na kumtibu aliyeumwa. Elimu hiyo ilikuwa na daraja zake na miiko yake, na aliyetaka kuipata hakuwa na budi kuingizwa chamani. Wari walifundishwa ndani ya nyumba, na katika kuta za ndani za nyumba hizo ndimo michoro ilimokuwa: nyoka, wanyama, watu wa hadithi na wahenga wa chama. Aliyepita nje aliona nyumba ya udongo kama nyingine.

Tofauti na Mexico, basi, ni kubwa, na msomaji asiipuuze. Kule ukuta ulimwita kila mpita njia. Huku ulimngoja aliyekwisha kula kiapo. Lakini katika jambo moja kuta hizo ni ndugu: zote mbili zilikuwa vitabu vya watu wasiotegemea vitabu, na hakuna kati yao uliotosha peke yake. Mwari hakuachwa aitazame picha akaondoka. Kulikuwa na mkubwa aliyenyoosha kidole, akauliza, akasahihisha. Picha ilikuwa nusu ya somo. Nusu ya pili ilikuwa kinywani mwa mfunzi.

Aliyezitoa picha hizo nje ni Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuja nchini Wajerumani wangali wakitawala, akabaki, na hatimaye akawa mtaalamu wa mila katika serikali ya Waingereza. Mwaka 1953 alichapisha mjini London kitabu juu ya michoro ya ukutani ya waganga wa nyoka wa Tanganyika. Tusimnyime haki yake: asingenakili, leo tungekuwa tunabishana kama michoro hiyo iliwahi kuwapo. Aliandika na maelezo pia. Lakini aliyaandika kwa Kiingereza, kwa msomaji aliye mbali, naye ni mtu asiyetarajiwa kukanyaga nyoka. Kueleza maana ya picha ni jambo moja. Kumfundisha mtu kwa picha hiyo mpaka mkono wake usitetemeke mbele ya swila ni jambo lingine. Siri ilifunguliwa kwa wageni katika lugha ambayo wengi wa wenyewe hawakuisoma.

Baada ya hapo kuta zenyewe zilipatwa na nini? Nyumba ya udongo haina umri wa jumba la mawe. Huishi kwa kukandikwa upya, na ikihamwa, masika machache hutosha kuirudisha ardhini. Na Usukuma ni nchi iliyohamahama. Katika miaka ya 1940 na 1950 wengi walivuka kwenda Geita kutafuta ardhi. Kisha, katikati ya miaka ya 1970, Operesheni Vijiji iliwaondoa watu katika makazi yao ya kutawanyika na kuwapanga kwa safu kando ya barabara. Historia ya operesheni hiyo imeandikwa kwa hesabu ya vijiji, shule na visima. Hesabu ya kuta zilizoachwa nyuma zikinyeshewa haikuandikwa, kwa kuwa aliyeamuru kuhama hakujua kilichochorwa ndani, na aliyejua alikuwa ameapa asiseme.

Pigo jingine halikuwa la mvua. Katika miaka ya 2000 kanda hii ilitiwa doa na mauaji ya watu wenye ualbino na ya vikongwe waliosingiziwa uchawi, na baadhi ya waganga walitajwa kuwa wachochezi, wakiwaahidi watu mali ya migodini na ziwani. Mwanzoni mwa 2009 serikali ilizifuta leseni za waganga wa jadi wote. Hasira ya taifa ilikuwa ya haki, na damu ile haina utetezi. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka: tangu hapo kila elimu iliyofundishwa faraghani imekuwa ikitazamwa kwa jicho moja, ya muuaji na ya mtibabu. Kijana anayejua dawa ya babu yake ana sababu nzuri ya kunyamaza.

Ukitaka leo kutembezwa katika mambo haya, nenda Bujora, Kisesa, mwendo mfupi kutoka mjini Mwanza. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alijenga huko kanisa la duara kwa kufuata nyumba za Wasukuma, na mwaka 1968 pakaanzishwa makumbusho. Mgeni huonyeshwa ngoma za watemi, viti vya enzi, zana za waganga na khabari za vyama vya ngoma. Na mwezi Juni, katika sherehe za Bulabo, huiona ngoma ya nyoka kwa macho yake. Pale mwongozaji si pambo la safari. Ukuta wa Bayeye haupo. Kilichopo ni mtu anayesema. Yeye ndiye ukuta.

Kutoka hapo ukivuka ghuba ya ziwa kuelekea magharibi unaingia Geita, ambako dhahabu ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1930. Mgodi wa wakati wa ukoloni ulifungwa 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa 2000. Upande wa Kahama, Bulyanhulu ulifuata 2001. Kando yao kuna maduara ya wachimbaji wadogo, makarasha yanayosaga mawe, na miji inayochipuka na kufa kwa khabari ya mwamba mmoja. Hapa ardhi inathaminiwa kwa kilicho chini yake. Sisemi dhahabu isichimbwe. Watu wanakula kwayo. Nasema tu kwamba katika ardhi hiyo hiyo ilisimama mali nyingine, iliyopakwa juu ya udongo, na hapakuwa na aliyeipima.

Iko wapi, basi, nusu iliyobaki? Katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yamo makaratasi ya Hans Cory. Katika maktaba hiyo hiyo zimo hati za tenzi zilizokusanywa pwani na J. W. T. Allen, nyingi zikiwa kwa herufi za Kiarabu. Nyoka wa Usukuma na tenzi za visiwani wamelala chini ya dari moja, na ugonjwa wao ni mmoja. Utenzi ule uliandikwa uimbwe. Anayeusoma kimya bila kuijua sauti yake anazihesabu mizani tu. Sisi tumebahatika kuwa bado wako mabibi wanaoijua sauti hiyo. Bayeye wazee nao wako, ila kila mwaka ni wachache zaidi.

Ombi langu ni dogo. Nakala za michoro ile zirudishwe vijijini, Shinyanga na Geita, ziwekwe mbele ya wazee wa Bayeye, na wao waulizwe kwa Kisukuma: hii hufundishwaje? Wakisema, iandikwe. Wakisema hii si ya kuandikwa, kalamu iwekwe chini, maana siri pia ni urithi, na mwenyewe ana haki ya kuamua nani amrithi. Kosa la mwanzo halikuwa kunakili, bali kunakili kisha kuondoka.

Nami nikirudi Gedi nitasimama tena mbele ya vile vyombo. Kwa vile tumekwisha chelewa. Aliyevichora hana wa kumsemea. Usukuma bado yupo wa kuulizwa.