Baridi Inayoliacha Taya Mahali Pake

Mimi ni daktari wa kinywa, na ugonjwa ulionisukuma kusoma historia ya fani yangu ni ameloblastoma. Uvimbe huu hutokana na seli zinazotengeneza jino. Mwanzoni hauumi, lakini hulila taya polepole mpaka uso upinde. Ukikwanguliwa tu, mara nyingi hurudi, kwa kuwa huwa umeshapenya ndani ya mfupa unaoonekana mzima. Ndiyo maana walimu wetu walikata taya.

Kutibu uvimbe kwa baridi si jambo la jana. Katikati ya karne ya 19, James Arnott wa Brighton, Uingereza, alichanganya barafu iliyopondwa na chumvi akaiweka juu ya saratani za matiti na za mlango wa kizazi. Maumivu yalipungua. Lakini baridi ile, nyuzi 20 hivi chini ya sifuri, haikuweza kuzama mfupani.

Aliyefungua njia hakuhusika na meno hata kidogo. Mwaka 1961, Irving Cooper, mpasuaji wa ubongo wa New York, alitumia mrija mwembamba wa nitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, kutuliza mtetemeko wa ugonjwa wa Parkinson. (Wafugaji wetu wanaijua: ndiyo inayofuka kwenye mtungi wa mhimilishaji wa ng'ombe.) Kufikia 1966, Andrew Gage na wenzake wa Buffalo walikuwa wakigandisha mifupa ya mbwa. Seli zilikufa, mfupa ukabaki umesimama, na baadaye seli mpya zikahamia humo kama wapangaji. Kwangu mimi, thamani yote ya baridi iko hapo. Moto na dawa kali haviachi nyumba ikiwa nzima.

Anthony Pogrel wa San Francisco aliifanya baridi hiyo kuwa tiba ya kawaida ya taya: uvimbe unakwanguliwa, shimo linanyunyiziwa nitrojeni kwa dakika 1, linaachwa liyeyuke dakika 5, kisha linagandishwa tena. Mdomo hufa ganzi, mara nyingi kwa miezi kadhaa, na taya huwa dhaifu kwa muda. Likilazimishwa kutafuna vigumu, huvunjika.

Wagonjwa wengi tunaowapokea huja uvimbe ukiwa mkubwa, na hapo hakuna mfupa wa kugandisha. Msumeno ndio unaobaki. Ukiona taya limevimba bila maumivu, au meno yanalegea pasipo sababu, nenda ukapigwe eksirei mapema.